Hesabu ya Waliojificha

Siku ya 1 ya mvua

Mvua imeanza siku sita kabla ya wakati wake, na pamoja nayo imekuja barua. Nitaanza na barua, kwa kuwa mvua haihitaji kufasiriwa.

Imetoka Kijiji Kikuu, juu ya bonde. Karatasi yao ni nene kiasi kwamba haikulowa ndani ya mfuko wa mjumbe. Yetu, tunayoiandika pande zote mbili na kisha pembezoni, ingefika ikiwa uji. Inasema kwamba siku ya tisa ya mvua watakuja wahesabuji "kubaini idadi ya wenye uwezo wa kazi kijijini kwenu, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na mbili kilichorekebishwa." Sentensi moja, muhuri, basi.

Nimeisoma mara tatu. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili nikiwa mtunza hati wa kijiji hiki cha maninja. Watu huniita Bi Karatasi: mbele yangu kwa heshima, nyuma yangu kwa namna nyingine. Kazi yangu ni kusoma kile ambacho wakubwa hawakukiandika. Mara ya mwisho walipotuhesabu, miaka kumi na minne iliyopita, tulijitokeza wote. Tukahesabiwa sabini na mmoja, na mwezi uliofuata wakachukua ishirini kwenda kupigana katika vita vyao na Kijiji Kikuu cha ng'ambo ya milima. Walirudi sita. Kaka yangu hakuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo najua hesabu ni nini.

Siku ya 2

Mkutano ukumbini. Ukumbi wetu wa mazoezi una paa linalovuja mahali tisa, na kila msimu tunaweka ndoo tisa mahali palepale. Wanafunzi hujifunza kuupita ukumbi wakiwa wamefungwa vitambaa machoni bila kugusa ndoo hata moja. Chuo cha Kikuu kina wanafunzi mia nane na paa la shaba. Sijui wao hujifunzia nini.

Nilitoa hoja yangu: wakubwa hawahesabu ila wanapotaka kuchukua. Mkuu wetu alinisikiliza akiwa ameshika kifua. Tunamwita Mzee Kikohozi, naye hakasiriki. Kifua kilimharibika ujanani, na tangu hapo hajaweza kujificha popote. Husema mwenyewe kwamba alipewa ukuu kwa kuwa ninja asiyeweza kujificha hana kazi nyingine.

"Bi Karatasi, unasema tujifiche."

"Nasema tufanye kazi yetu, Mzee."

Mhunzi akacheka. "Mke wangu ananitafuta kila kuni zikiisha, mwaka wa ishirini huu, hajanipata hata siku moja. Hao watanipata wapi?"

"Nakupata," mkewe akasema kutoka nyuma. "Basi tu, nikikuangalia naona bora nikate mwenyewe."

Hoja ilipita bila mpinzani. Nimepewa kazi ya kupanga nani ajifiche wapi. Wenye uwezo wa kazi, yaani wa umri kati ya miaka kumi na mitano na sitini, tuko sabini na wanne. Nitawaonyesha wageni thelathini na wanane: waliochoka, waliovunjika vidole, na sisi wa kalamu. Thelathini na sita walio bora hawataonekana. Binti yangu ni wa kwanza katika orodha yao.

Siku ya 4

Mazoezi ya kurusha nyota za chuma. Tunazo mia moja na kumi na mbili. Sabini na moja kati yake zina alama ya Kikuu, kwa kuwa wao wakirusha huacha, nasi hupita nyuma yao tukiokota. Leo moja ilipotea nyasini. Hakuna aliyekwenda kula mpaka ilipopatikana. Ilichukua saa tatu.

Siku ya 5

Mvua.

Siku ya 7

Mvua haijakata kwa saa ishirini. Nimemaliza ramani ya maficho, nikaikagua mara mbili.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa, na huu ni msimu wake wa kwanza kutoka kikazi. Tangu ana miaka saba anafundishwa sura tupu, sanaa pekee tuliyo nayo ambayo Kikuu hawana. Wao wana moto, wana watembeao juu ya maji, wana mganga kwa kila kikosi. Sura tupu hawana, kwa sababu inadai miaka kumi na miwili na haivuliwi mtu arudipo nyumbani. Ni kuufundisha uso usishikike: utaketi mbele ya mtu, utazungumza naye, na ukiondoka atakumbuka kwamba palikuwa na mtu, asikumbuke nani. Mtawala akitaka barua yake ivuke nchi ya adui wake, huja kwetu, huku mtoni tuliko, akipita lango la Kikuu bila kusimama. Ndicho kitu chetu. Hatuna kingine.

Anakula nami kila siku akiwa na uso huo. Nimezoea. Akishatoka mimi hujaribu kukumbuka kama mdomo wake ni wa mama yangu au wa marehemu baba yake, nikashindwa. Ninaliandika hili kama ushahidi wa umahiri wake.

Siku ya 9

Wamekuja. Mkaguzi ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtulivu, mwenye miwani; amefuatana na wasaidizi wawili waliovaa makoti ya mvua yasiyo na kiraka hata kimoja. Walizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaongoza. Msaidizi mmoja alilalamika kwamba yeye amemhesabu Mzee Kikohozi mara mbili: "Kila nyumba nikiingia namsikia!"

Mwisho tuliketi ukumbini. Juu ya dari, kwa mpango wangu, walikuwa wamelala watu tisa. Mvua ilikuwa inamwagika nje kana kwamba imetumwa. Mkaguzi alikunja karatasi yake, akatazama sakafuni.

"Mama, hizi ndoo ni za nini?"

"Za mvua. Paa linavuja."

Akatazama juu, akatazama ndoo, kisha akatazama mikono yake.

"Nimepata thelathini na wanane. Una hakika ndio wote?"

"Nina hakika."

"Mimi sina haraka. Naweza kulala hapa, nikahesabu upya kesho."

"Kesho tutakuwa hao hao."

"Naruhusiwa kuandika ninachokiona tu, na wewe unachokisaini. Kwa hiyo nakuomba, Mama, usisaini kama huna hakika kabisa."

Niliisikia sauti hiyo na kuitambua: ndiyo sauti ya watu walioshiba, wanaodhani mdogo hawezi hata kujihesabu. Nilisaini kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Siku ya 10

Mhunzi amekuwa shujaa wa kijiji. "Nilikuwa juu ya utosi wake kabisa! Maji yananipiga mgongoni saa nzima kama nguo chafu, na mimi kimya." Wote walicheka. Nami nilicheka.

Siku ya 13

Mvua. Ukungu mpaka mlangoni. Sijui kwa nini nimekuwa nikiuwaza ule ukumbi.

Siku ya 16

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Barua ya pili imefika asubuhi. Mwaka jana Vijiji Vikuu vinne vilikutana na kurekebisha mkataba; sisi wadogo hatukualikwa. Kifungu cha kumi na mbili sasa chasema kwamba kijiji chenye wenye uwezo wa kazi chini ya sitini si kijiji tena. Ni kikosi, na kikosi huambatanishwa na Kijiji Kikuu kilicho karibu. Shule yake hufungwa. Hati zake za siri huhamishiwa kwenye ghala la Kikuu. Wote walio chini ya miaka ishirini na mitano huhamia kwenye kambi zao. Sisi, kwa saini yangu, ni thelathini na wanane.

Kifungu hicho kilitajwa katika barua ya kwanza. Nilikiona. Nilidhani ni pambo, kama muhuri. Niliisoma barua ile mara tatu nikitafuta mtego, na sikuisoma hata mara moja nikitafuta habari. Mkulima angeuliza, "Kifungu hicho kinasemaje?" Mwashi angeuliza. Ni sisi tu, tuliolelewa kutoonekana, ambao mtu akija kutuhesabu tunapanda darini kwanza na kuuliza baadaye. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, ndiye niliyewachorea ngazi.

Sasa najua pia kwa nini nimekuwa nikiuwaza ukumbi. Mvua ilikuwa inamwagika, na ndoo tisa zilikuwa kavu. Watu tisa walikuwa wamelala juu ya matundu tisa, kwa kuwa ndipo mbao zilipolegea na kuinuka kirahisi, na maji yote yakaishia migongoni mwao. Yule mwanamke aliona. Aliuliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili, akajitolea kulala hapa, akanisihi. Nami nikamwita mwenye dharau.

Rufaa ipo, moja tu, ndani ya siku kumi na mbili. Hesabu ya pili hufanyika uwanjani, mchana, hadharani. Aliyehesabiwa mara ya kwanza haguswi. Ila anayejitokeza mara ya pili huchorwa, uso wake, na mchoro huingizwa katika daftari la sura, ambalo nakala zake huenda kwa Vijiji Vikuu vyote vinne. Wanasema ni kuzuia udanganyifu.

Tungejitokeza siku ile ya kwanza, hakuna ambaye angechorwa.

Siku ya 17

Niliwasomea barua ukumbini, neno kwa neno, kisha nikasema kosa ni langu. Hakuna aliyenifokea. Wangenifokea, ingekuwa rahisi zaidi.

Hesabu ni hii. Ili tufike sitini, watu ishirini na wawili kati ya thelathini na sita lazima watoke, wachorwe. Ninja ambaye uso wake uko katika madaftari manne hatumwi tena popote. Atafundisha, atalima, atazeeka. Kumi na wanne wanaweza kubaki bila kuonekana.

Wenye sura tupu ni kumi na watano.

Mzee Kikohozi alikohoa kwa muda mrefu. "Tusubiri wanaojitolea," akasema. "Tukipungukiwa, Bi Karatasi ataandika jina."

Siku ya 18

Waliojitolea: tisa. Mhunzi wa kwanza. "Uso wangu wauchore tu. Nani atataka kuukumbuka?" Mkewe alimshika sikio, kama mtu anayeshika kitu chake mwenyewe, akaliachia.

Siku ya 20

Kumi na sita. Ombi la rufaa limekwenda. Mvua imekula daraja la chini.

Siku ya 22

Kumi na tisa.

Siku ya 24

Ishirini na mmoja. Mafundi wa kamba wote, wa visu wote, wa moshi wote. Wamebaki kumi na watano wa sura tupu, na nimepungukiwa na mmoja.

Sasa napita barabarani na milango inafungwa taratibu. Hawanichukii, nadhani. Hawataki tu nikumbuke kwamba wapo.

Siku ya 25

Nimeyapima kama ninavyopima kila kitu.

Kura haina upendeleo, lakini pia haina akili: inaweza kumtoa aliye bora na kumwacha anayeanza. Kwa uwezo, aliye dhaifu kati ya kumi na watano ni binti wa mhunzi, mwenye miaka kumi na mitano, ambaye akicheka uso wake humponyoka na kila mtu humwona. Kijiji kikimpoteza yeye kimepoteza kidogo kuliko kikimpoteza mwingine yeyote. Hoja hiyo ni sahihi. Nilipoimaliza niliona pia kwamba ndiyo inayoniachia binti yangu, na nikashindwa kujua ni kipi kilichotangulia, usahihi au manufaa.

Nikaenda kwa Mzee. Alikuwa akikanda unga. Mgongo wake uliruka kwa kila kikohozi.

"Nisaidie, Mzee. Nina majina mawili."

"Sikusaidii. Mimi sijui kusoma sababu zako."

"Basi nipe kanuni."

Alifuta mikono. "Andika jina ambalo utaweza kulisoma kwa sauti mbele ya ukumbi mzima. Halafu usikike mpaka mwisho. Kanuni ndiyo hiyo."

Niliandika jina nikiwa nimesimama hapo hapo mlangoni kwake.

Nyumbani nilimwambia binti yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa akisuka kamba ya viatu. Uso wake haukuonyesha lolote. Kwa miaka kumi na miwili haujaonyesha lolote.

"Umeniandika kwa sababu mimi ndiye ninayefaa," akauliza, "au kwa sababu watu wanakutazama?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Nimejaribu kujua tangu asubuhi, mwanangu. Sijui."

Akaendelea kusuka. Baadaye akasema, "Basi angalau hujanidanganya," na akafunga fundo.

Siku ya 26

Mvua. Nililisoma jina ukumbini. Nilisikika mpaka mwisho.

Siku ya 27

Walisimika turubai uwanjani. Mkaguzi ni yule yule. Mchoraji wake ni mwanamume mnene mwenye vidole vyeusi vya makaa, mcheshi, asiye na hatia yoyote. Nilisimama pembeni na karatasi yangu, nikiweka alama.

Mtu baada ya mtu aliketi juu ya kigoda. Sikuwa nimewahi kuona watu wetu wakitazamwa. Wengine walitokwa jasho kama wagonjwa. Mhunzi alitania mpaka alipoketi, kisha mchoraji akalazimika kumwambia, "Kaka, pumua."

Saa tisa tulikuwa hamsini na tisa. Binti yangu aliketi.

Mchoraji alianza, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Mara ya tatu akaweka makaa chini.

"Dada, tulia basi."

"Nimetulia."

"Sikupati. Nikiinama kwenye karatasi nimeshakusahau."

Msaidizi mmoja alisoma kanuni kwa sauti: mchoro usiofanana na mtu hauhesabiwi. Ilisikika mvua juu ya turubai, na kikohozi cha Mzee. Nilielewa, na kila mtu alielewa, kwamba binti yangu hakuwa akifanya ukaidi. Alikuwa hajui kuacha. Tulikuwa tumemfundisha miaka kumi na miwili kufunga, na hakuna aliyewahi kumfundisha kufungua.

Akanigeukia. Sikufanya ishara yoyote, nilikuwa nimeishiwa la kufanya. Nadhani aliuona uso wangu tu, ambao haujawahi kuficha kitu.

Kisha akauachia wake.

Siwezi kueleza kwa usahihi, nami napenda usahihi. Ilikuwa kama pale unapojua kwamba chumbani hamna mtu, na kumbe yumo. Mdomo ni wa mama yangu. Nyusi ya kushoto iko juu kidogo kuliko ya kulia, kana kwamba anataka kuuliza jambo na adabu inamzuia. Hiyo ni ya kaka yangu. Miaka kumi na minne nilidhani hakuacha kitu, na ilikuwa ikiketi mbele yangu kila siku, ng'ambo ya sahani.

Mchoraji hakuinua mkono mpaka alipomaliza. "Huyo," akasema kwa furaha. "Huyo sasa nampata."

Mchoro ulifanana. Ndio mchoro pekee wa binti yangu uliopo, na ulikunjwa, ukafungwa katika ngozi, ukatiwa mkobani pamoja na mingine.

"Sitini," mkaguzi akasema. Akasaini, akanipa kalamu, nami nikasaini chini yake. Wasaidizi walipokwenda kufunga mizigo, nilimwambia, "Uliziona ndoo."

"Niliziona."

"Nilikudhania vibaya."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake zuri. "Kwetu tulihesabiwa hamsini na wanane," akasema. "Kifungu kilikuwa tofauti, ila namba iliyotakiwa ilikuwa hiyo hiyo, sitini."

"Wawili walikuwa wamejificha?"

"Juu ya paa. Nilikuwa na miaka tisa, nilijua walipo. Nilikuwa nimefundishwa nisiseme." Akavaa miwani. "Nilikaa kimya vizuri sana, Mama. Walinisifu."

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Alipopita kwenye uwanja wa mazoezi, mmoja wa wasaidizi wake alirusha nyota kwenye nguzo yetu kwa kujifurahisha, ikapiga katikati, akaiacha pale akaenda zake. Mke wa mhunzi aliichomoa. Sasa tunazo mia moja na kumi na tatu.

Siku ya 28

Mvua. Tumelala mchana kutwa, kijiji kizima, kama watu waliotoka safari.

Siku ya 33

Binti yangu ameanza kuwafundisha wadogo. Mwalimu wao wa zamani anasema amewaongezea somo: kila baada ya mazoezi, kila mmoja lazima aufungue uso wake mbele ya mwenzake, kisha aufunge tena. Wanalichukia somo hilo. Binti wa mhunzi peke yake ndiye hodari.

Nyumbani anacheka kwa sauti. Mara mbili nimetoka chumbani nikidhani tumepata mgeni.

Siku ya 41

Mvua imekatika. Tumeziondoa ndoo.

Mchana huu alipita muuza sindano, akitokea juu, upande wa Kikuu. Binti yangu alikuwa akianika majani ya dawa mbele ya nyumba. Yule mtu alimsalimu, akaendelea na njia yake hatua sita, saba. Kisha akageuka, akamtazama mara ya pili.

Huenda ni kwa sababu ni mzuri. Nami sasa najua kwamba ni mzuri. Huenda hakuna jambo. Hakununua mtu sindano, naye hakuonekana kujali kwamba hazikununuliwa.

Muuza sindano ana miaka arobaini hivi. Sikio la kulia limekatwa ncha. Anatembea akiuegemea mguu wa kushoto, na viatu vyake ni vipya kuliko mzigo wake. Nimeyaandika yote, na pembeni, kwa mkono usiojua kuchora, nimejaribu kuuchora uso wake.